Maisha ya Camillo Golgi, Mganga Aliyetia Rangi Mambo Yasiyoonekana

Mtu mwenye njaa akisikia harufu ya samaki wa Lualaba wanaokaangwa, mate humjaa kinywani hata kabla hajanawa mikono kula bukari. Je, mate hayo yametoka wapi? Mama akimpakata mtoto wake mchanga, maziwa humjia matitini. Mtu akibeba gunia la makaa wakati wa jua kali, jasho humtiririka usoni. Mate, maziwa, jasho, machozi, na yale maji makali ya tumbo yanayolainisha chakula, yote hutoka katika viungo vinavyoitwa tezi. Tezi ni mfano wa kiwanda. Huchukua vitu katika damu, hutengeneza kitu kipya, kisha hukitoa nje ili kitumike.

Lakini kiwanda hicho kina nini ndani yake? Kazi inaanzia wapi, nao mzigo unapita mlango gani? Kwa karne nyingi hakuna mtu aliyejua. Miongoni mwa wale waliofungua njia ni mganga mmoja wa Italia, jina lake Camillo Golgi. Jina hilo wanafunzi wa shule za sekondari hulikuta katika vitabu vyao, wala wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Haya ndiyo maisha yake.

MTOTO WA MILIMANI

Camillo alizaliwa tarehe 7 Julai 1843 katika kijiji cha Corteno, kilichoko milimani upande wa kaskazini ya Italia. Siku zile Italia haikuwa bado nchi moja, na sehemu ile ilitawaliwa na Kaisari wa Austria. Baba yake, Alessandro Golgi, alikuwa mganga. Alikuwa ametoka katika mji wa Pavia, akaenda kuwatibu watu wa milimani.

Mtoto akazifuata nyayo za baba yake. Akasoma uganga katika chuo kikuu cha Pavia, akahitimu mwaka 1865, akaanza kazi katika hospitali ya mji huohuo. Kwanza alimfuata mwalimu mmoja maarufu, Cesare Lombroso, aliyechunguza magonjwa ya akili. Lakini Golgi hakutosheka na maelezo matupu. Alitaka kuona kwa macho yake ni mahali gani mwilini ugonjwa unapokaa.

Basi kulikuwako hapo Pavia kijana mmoja aitwaye Giulio Bizzozero, fundi hodari wa kutumia hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo vinavyokuza vitu vidogo sana hata jicho livione. Bizzozero alikuwa mdogo kwa Golgi karibu miaka mitatu. Hata hivyo Golgi hakuona haya kuketi na kufundishwa naye. Alijua kwamba elimu haiulizi umri. Urafiki wao ulidumu, na baadaye, mwaka 1877, Golgi alimwoa Lina Aletti, aliyekuwa mpwa wa Bizzozero.

SHIDA YA KUONA

Mwili wa mtu, wa mnyama na wa mti umejengwa kwa vyumba vidogo mno viitwavyo seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Seli za mtu ni ndogo hata jicho tupu haliwezi kuzitambua. Hadubini huzikuza, lakini shida moja inabaki: seli karibu zote hazina rangi. Kuzitazama ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya maji safi. Kipo, lakini hakionekani.

Ndiyo sababu wataalamu wakafikiri juu ya rangi. Mwanamke anayesuka mkeka huchovya baadhi ya kindu katika rangi, na baadhi huziacha nyeupe. Kama angeziacha zote nyeupe, au angezichovya zote, nani angeona mapambo yake? Hali kadhalika wataalamu walijaribu kuchovya vipande vyembamba vya nyama katika rangi mbalimbali. Rangi moja nyekundu ilitengenezwa kwa wadudu waliokaushwa, na nyingine ya zambarau ilitoka katika mti wa Amerika. Sehemu moja ya seli ilikunywa rangi, sehemu nyingine iliikataa. Hivyo wakaanza kutofautisha vitu.

Lakini ubongo uliwashinda. Seli za ubongo zina matawi marefu yaliyosongamana kama mizizi ya msitu. Rangi za kawaida zilionyesha msongamano tu, wala hakuna aliyeweza kufuata tawi moja kutoka mwanzo wake hata mwisho.

JIKO LA ABBIATEGRASSO

Mwaka 1872 Golgi alihitaji mshahara wa kumtegemeza. Akakubali kazi katika mji mdogo wa Abbiategrasso, katika nyumba ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Kule hakukuwa na chuo, wala waalimu, wala chumba cha uchunguzi. Ilionekana kwamba kazi yake ya elimu imekwisha.

Yeye hakukaa kulalamika. Alitwaa jiko dogo la nyumba ile, akaligeuza kuwa chumba cha uchunguzi. Akiisha kuwahudumia wagonjwa wake, aliingia humo na hadubini yake pamoja na chupa chache za dawa.

Watu wa Lualaba tangu kale wamejua kwamba madini hubadilika. Wazee waliopika shaba waliweka jiwe la kijani katika tanuru, nalo likatoa shaba nyekundu. Golgi naye alitumia madini, lakini si kwa moto. Alichukua vipande vya ubongo, akavilaza siku nyingi katika maji yaliyotiwa chumvi ya kromu, mpaka vikawa vigumu. Kisha akavitia katika maji yenye chumvi ya madini ya fedha. Chumvi hizo mbili zikikutana ndani ya seli, huzaa chembechembe za rangi ya giza.

Alipotazama katika hadubini aliona ajabu. Si seli zote zilizoshika rangi, ila chache tu, labda moja katika nyingi. Lakini ile iliyoshika ilisimama nyeusi yote, shina na matawi, juu ya uwanja wa manjano. Ilikuwa kama mtu aliyeona mti mmoja tu mweusi, na msitu mwingine wote umegeuka hewa. Kwa nini seli moja hushika na jirani yake haishiki? Hata leo jambo hilo halijaelezwa kikamilifu. Lakini uchache huo ndio faida yake, kwa sababu kama zote zingeshika, giza lingefunika kila kitu.

Golgi alitangaza njia hiyo mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka thelathini. Wengi hawakuijali. Mwaka 1875 aliitwa tena Pavia, na mwaka 1881 akapewa kiti cha kufundisha asili ya magonjwa katika chuo kikuu. Hakuwa na haja tena ya jiko.

SAA YA HOMA

Katika nchi tambarare ya Pavia kuna mashamba ya mpunga yenye maji mengi, na siku zile homa ya malaria iliwatesa wakulima kama inavyowatesa watu wa mabonde ya Lualaba. Mwaka 1880 mganga wa Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Wengi hawakumsadiki. Golgi akaanza kuichunguza damu ya wagonjwa saa baada ya saa, akiandika hali ya homa na hali ya kijidudu.

Kuanzia mwaka 1885 aligundua mambo makubwa. Kijidudu huingia katika chembe nyekundu ya damu, hukua humo, kisha hugawanyika kuwa vingi. Chembe ikipasuka, watoto wake hutoka wote pamoja, na saa ileile mgonjwa hushikwa na baridi na kutetemeka. Aina moja ya malaria humaliza mzunguko huo kwa saa 48, aina nyingine kwa saa 72. Ndiyo maana wako waliotetemeka kila baada ya siku moja ya nafuu, na wako waliotetemeka baada ya siku mbili za nafuu. Aina ya tatu, iliyo kali kuliko hizo na iliyoenea zaidi katika Kongo, ilichunguzwa hasa na waganga wa Roma.

Elimu hiyo haikubaki katika vitabu. Golgi alionyesha kwamba kwinini hufaa zaidi ikitolewa saa chache kabla ya homa kupanda, ili iwakute vijidudu vichanga vinapotoka. Dawa ileile, ikitolewa kwa saa yake, iliokoa zaidi. Hivyo mtu aliyetazama vitu vidogo kabisa aliwasaidia watu maskini mashambani.

WAVU NDANI YA SELI

Golgi hakuiacha njia yake ya fedha. Mwaka 1893 aliitumia kuchunguza tezi zilizomo katika ukuta wa tumbo. Akaona katika seli fulani mifereji myembamba sana, iliyotiwa weusi na fedha. Seli hizo ndizo zinazotoa maji makali ya tumbo, na mifereji ile ni njia ya kuyatolea. Hapo ndipo rangi ilipoanza kuonyesha jinsi tezi inavyotoa mzigo wake.

Miaka michache baadaye likaja jambo kubwa zaidi. Golgi alikuwa akichunguza seli za ubongo wa bundi, yule ndege wa usiku ambaye watu wengi humwogopa. Katika seli chache, fedha haikushika ukuta wa nje. Ilishika kitu cha ndani: nyuzi nyembamba zilizopindana na kuunganika kama wavu wa mvuvi, zikizunguka kiini cha seli bila kukigusa. Hakuna aliyekuwa amekieleza kitu hicho. Golgi hakuharakisha. Alirudia kazi na kubadili vipimo vya dawa, naye mwanafunzi wake Emilio Veratti akatafuta katika seli nyingine, mpaka mwaka 1898 akakitangaza mbele ya chama cha waganga wa Pavia. Alikiita chombo cha wavu cha ndani.

Je, wavu huo uko katika ubongo tu? Wanafunzi wake wakatafuta. Antonio Pensa aliuona katika tezi zilizoko juu ya figo. Adelchi Negri aliuona katika tezi nyingine, kama vile kongosho, iliyoko nyuma ya tumbo. Basi ikaonekana kwamba wavu huo si wa seli za ubongo peke yake.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno. Fedha ilikuwa na ukaidi: leo ilionyesha wavu, kesho haikuonyesha kitu. Mafundi wakatafuta madini mengine ya kuisaidia. Golgi mwenyewe mwaka 1908 alitumia dawa ya aseniki. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alitumia urani, madini yaliyoifanya Shinkolobwe ijulikane ulimwenguni. Mwaka 1920 Corrado Da Fano, Mwitalia aliyefanya kazi London, alitumia kobalti, madini yale yanayochimbwa Kolwezi. Wachimbaji wengi hawajui kwamba vitu vinavyotoka katika udongo wao viliwahi kuwa taa ya kumulika ndani ya seli.

TUZO NA UBISHI

Mwaka 1906 Golgi alipewa tuzo ya Nobel katika mji wa Stockholm. Lakini hakuipata peke yake. Aligawana na yule Cajal, na watu hao wawili hawakupatana kwa neno moja kubwa.

Cajal aliiona njia ya Golgi mwaka 1887, akaipenda, akaitengeneza ikawa bora zaidi. Kwa njia hiyo aliona kwamba kila seli ya ubongo husimama peke yake, na matawi yake hukaribia matawi ya jirani bila kushikana. Golgi alikuwa amefundisha tofauti. Alisema kwamba matawi hayo yameungana kuwa wavu mmoja. Hata siku ya kutoa hotuba yake ya tuzo, mbele ya wakuu wengi, aliyapinga mafundisho ambayo mwenzake aliyashika. Cajal aliumia moyoni.

Leo inajulikana kwamba kwa jambo hilo Cajal ndiye aliyeona sawasawa. Hapa pana fundisho kwa kila mtu. Golgi ndiye aliyewasha taa, na mwingine akaona vizuri zaidi kwa mwanga wake. Mtu aweza kuwa na chombo bora kuliko wote, lakini akiwa amekwisha kuamua moyoni ataona nini, chombo hakimsaidii.

KITU CHA KWELI AU UCHAFU WA RANGI?

Kwa habari ya wavu wa ndani ya seli mambo yalikwenda kinyume. Hapo Golgi ndiye aliyekuwa na haki, nao wengi walimkatalia. Walisema kwamba wavu huo hauko katika seli iliyo hai. Ni dawa tu, fedha iliyoganda ovyo katika nyama iliyokufa, kama masizi yanavyoshika ukuta wa jiko. Neno lao halikuwa la upuuzi. Rangi yaweza kudanganya, na mchunguzi mwema lazima ajiulize kama anaona kitu chenyewe au kazi ya mkono wake.

Wengine waliendelea kutafuta faida ya wavu huo. Mwaka 1923 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Nassonov, alionyesha kwamba katika seli za tezi matone ya kutolewa nje hutokea karibu na wavu wa Golgi. Huko Marekani Robert Bowen alifikia wazo hilohilo. Hata hivyo ubishi haukwisha. Golgi alifariki Pavia tarehe 21 Januari 1926, akiwa na umri wa miaka 82, kabla neno hilo halijakatwa. Yeye na mkewe hawakujaliwa kuzaa mtoto.

Hukumu ilitoka baadaye. Ilitengenezwa hadubini ya namna mpya, isiyotumia nuru bali elektroni, yenye uwezo wa kukuza mara nyingi zaidi. Mwaka 1954 Albert Dalton na Marie Felix walionyesha kwa chombo hicho kwamba wavu wa Golgi ni kitu cha kweli. Ni mifuko bapa iliyopangwa moja juu ya mwingine kama sahani, na pembeni mwake vifuko vidogo vya mviringo.

Katika miaka ya 1960 George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake alifuata safari ya mzigo katika kongosho la simbilisi, yule mnyama mdogo afugwaye kwa nyama. Waliwatia alama viungo vya protini, kisha wakatazama alama hizo zimefika wapi. Baada ya dakika chache zilikuwa mahali protini inapotengenezwa. Baada ya dakika 20 hivi zilikuwa zimefika katika chombo cha Golgi. Baada ya saa mbili hivi zilikuwa katika vifuko vilivyokomaa, karibu na mlango wa kutokea. Kumbe chombo hicho ni kama ghala ya stesheni. Mizigo huingia, hutengenezwa vizuri, hufungwa, hupewa anwani, kisha hupelekwa panapohusika. Mwaka 1974 Palade alipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Wabelgiji wawili, Albert Claude na Christian de Duve.

FAIDA KWA WATU WA LEO

Labda mtu wa Lubudi atauliza: Haya yananihusu nini? Na afikiri juu ya mbu. Mbu naye ana tezi za mate. Anapomuuma mtu, hutia kwanza mate yake ili damu isigande. Ronald Ross, mganga wa Uingereza aliyefanya kazi India, alionyesha mwaka 1898, kwa malaria ya ndege, kwamba vijidudu hujikusanya katika tezi hizo za mate na kutoka pamoja na mate. Mambo mawili ambayo Golgi aliyachunguza mbalimbali, tezi na malaria, yanakutana katika mdomo wa mdudu mmoja. Mwenye kulala ndani ya chandarua anaufunga mlango huo.

Tena, mtoto mwenye homa akipelekwa zahanati, mara nyingine mganga humtoa tone la damu, hulipaka juu ya kioo, hulitia rangi, kisha hulitazama katika hadubini. Asiyejua huona kwamba anapotezewa wakati. Kumbe rangi ile ndiyo inayomfichua kijidudu, ili mtoto apewe dawa iliyo yake. Kwinini si dawa ya kwanza tena siku hizi, lakini kanuni ni ileile: kuona kwanza, kutibu baadaye. Na homa ya malaria haingoji. Mzazi anayekawia nyumbani siku mbili tatu aweza kumpoteza mtoto wake.

Mwaka 1956 kijiji alichozaliwa kilipewa jina jipya, Corteno Golgi, kwa heshima yake. Lakini kumbukumbu yake kubwa haiko katika kibao cha kijiji. Imo katika mwili wa kila mtu, katika tezi zinazotoa mate na maziwa na machozi, ambamo mizigo inafungwa na kutumwa usiku na mchana. Mganga wa jikoni alikiona chombo hicho kwa fedha kidogo na saburi nyingi, naye akafa kabla watu hawajakubali wote kwamba alichokiona kipo.